Dhamana kwa Asiyeonekana: Ruta ya Pili na Wajibu wa Jirani

Miongoni mwa maswali ya kale ya maadili ambayo maisha ya mtandao yameyapa sura mpya, lipo hili: je, mtu anaweza kuwajibika kwa tendo la mwenzake ambalo hakulifanya, hakulishuhudia, na pengine hakuwa na haki ya kulishuhudia? Zamani lilikuwa swali la mafakihi walioandika juu ya dhamana na la mitume walioandika juu ya mizigo ya waumini. Leo linazuka katika jambo dogo la nyumbani, yaani pale familia yenye huduma ya intaneti inapounganisha ruta ya pili ili huduma hiyo ifike chumba cha mbali zaidi, na katika chumba hicho anaishi mtu asiye wa familia hiyo.

Kamere, makazi yaliyo kusini mwa Ziwa Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, kando ya barabara ya Moi South Lake, si mbali na Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate wala na mitambo ya umeme wa mvuke ya Olkaria, ni mahali panapofaa kulitafakari swali hili. Makazi hayo yamekua pamoja na mashamba ya maua, yaliyowavuta watu kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani, Kati na kwingineko, na wengi wao hukaa katika ploti, yaani vyumba vya kupanga vilivyojengwa kwa safu kuuzunguka ua mmoja, ambamo bomba, kamba za kuanikia nguo na choo ni vya wote. Mkataba wa intaneti ya nyumbani, kwa upande mwingine, huandikwa kana kwamba kila nyumba ni boma la familia moja lenye mlango wake na ukuta wake. Katika ploti hakuna anayejua kwa hakika nyumbani kwa mtu huishia wapi, kwa kuwa ukuta wa chumba humtenga mpangaji na jirani wakati wa kulala tu, nao ua humrudisha kwake kunapokucha. Kuta hizo hizo za mawe, pamoja na paa na vizuizi vya mabati, hudhoofisha mawimbi ya ruta, hata mtu aliye mlango wa sita huyapata kwa shida ijapokuwa mwenye ruta amekubali ayatumie. Ndipo wazo la ruta ya pili linapoingia.

Ruta ni kifaa kinachosimama kati ya mitandao miwili, kikapokea kila pakiti ya data, yaani kila kipande cha ujumbe kilichofungwa pamoja na anwani ya kinakotoka na ya kinakokwenda, kisha kikakielekeza upande unaofaa. Ruta za nyumbani huongeza juu ya kazi hiyo kurusha mawimbi ya waifai na kuvigawia anwani vifaa vyote vilivyo ndani. Ruta ya pili inaweza kuunganishwa kwa namna mbili, na tofauti kati ya namna hizo, ambayo fundi huiona kuwa ya kebo na mipangilio tu, ni tofauti ya kimaadili pia.

Katika namna ya kwanza, ruta ya pili huvuliwa mamlaka yake. Kebo huchomekwa katika matundu ya ndani ya ruta zote mbili, huduma ya kugawa anwani, ambayo mafundi huiita DHCP, huzimwa katika ruta ya pili ili pasiwe na wagawaji wawili wanaogongana, na anwani ya ruta hiyo yenyewe hubadilishwa, kwa mfano kutoka 192.168.1.1 kuwa 192.168.1.2. Tangu hapo kifaa hicho hubaki kuwa kituo cha mawimbi tu, na wote wanaokitumia huwa ndani ya mtandao mmoja pamoja na mwenye nyumba. Katika namna ya pili, kebo hutoka tundu la ndani la ruta ya kwanza na kuingia tundu la nje la ruta ya pili, ile ya pili ikaendelea kugawa anwani zake yenyewe, tuseme zinazoanza na 192.168.2, na kuwa kama nyumba kamili iliyojengwa ndani ya nyumba nyingine. Kwa namna yoyote kati ya hizo mbili, dunia ya nje haioni ruta mbili, wala haioni familia mbili. Inaona anwani moja, na huduma iliyo nyuma ya anwani hiyo imeandikishwa kwa jina la mtu mmoja.

Kabla ya kuuliza jina hilo linabeba nini, inapasa kuuliza kama mwenye huduma ana wajibu wowote wa kumpa jirani. Mwanafalsafa wa Kirumi Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alishika kwamba hata mgeni asiyejulikana hafai kunyimwa kitu kisichompunguzia mtoaji chochote, akataja maji yanayotiririka, moto unaowashwa kutoka moto mwingine, na ushauri wa kweli kwa anayeuhitaji. Lakini akaongeza mara moja kwamba mali ya mtu mmoja ni chache na wahitaji hawana idadi, kwa hiyo ukarimu lazima uwe na mpaka. Mafundisho ya Kiislamu yana jambo la karibu sana na hilo, kwani katika mkusanyo wa hadithi wa Abu Dawud imepokewa kwamba Waislamu ni washirika katika maji, malisho na moto, nao mafakihi walipolifafanua fundisho hilo walitofautisha maji yaliyo mahali pake pa asili, ambayo mwenye kiu hazuiliwi, na maji yaliyokwisha kuchotwa na kutiwa katika chombo, ambayo ni mali ya aliyeyachota.

Mpangaji wa Kamere huelewa tofauti hiyo bila kufundishwa, kwa sababu ziwa liko mbele yake na mtungi wa maji huuzwa. Tena ziwa lenyewe limeonyesha kwamba hata kitu cha wote hakigawanywi bila kipimo, maana lilishuka mno katika ukame wa mwaka 2009, mabishano juu ya kiasi kinachovutwa na mashamba yakawa makali, kisha likafurika mwaka 2020 na kuwafuata watu majumbani mwao. Kasi ya intaneti iliyolipiwa hufanana zaidi na maji yaliyo mtungini: imenunuliwa, ina kikomo, na watu wanane wakitazama video kwa wakati mmoja, wa tisa hukosa. Kwa hoja hiyo peke yake, jirani hana haki ya kuidai.

Hata hivyo, hoja hiyo haitoshi, na hapa mwanafalsafa wa Kenya Henry Odera Oruka, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995, anasaidia zaidi kuliko Cicero. Oruka alitetea haki ya kila binadamu kupata kima cha chini cha utu, yaani usalama wa mwili, riziki na afya, akisema kwamba bila kima hicho haki nyingine zote hazina pa kusimama, na kwamba dai hilo huvuka mipaka ya umiliki. Yeye hakuitaja intaneti, wala si lazima kuiingiza katika orodha yake ili kuiona nguvu ya hoja, kwa kuwa inatosha kutazama njia za kufikia hivyo vilivyomo. Kijana aliyemaliza kidato cha nne huomba nafasi ya chuo na mkopo wa HELB kupitia mtandao, mfanyakazi hupeleka taarifa zake za kodi kupitia mtandao, na huduma nyingi za serikali zimehamishiwa jukwaa la eCitizen. Mahali ambapo mlango wa ofisi ya umma umehamishiwa mtandaoni, kumnyima jirani njia ya kuufikia si sawa na kumnyima burudani. Wajibu uliopo basi ni wa kadiri: mwenye huduma hapaswi kuigawa kasi yake sawasawa na ua mzima, lakini kumfungia kabisa mwenye haja ya kweli, wakati uwezo wa kumfungulia upo, ni kosa la kimaadili hata kama hakuna sheria inayoliadhibu.

Wajibu huo ukikubaliwa, tatizo la jina linafuata, nalo lina historia yake. Anwani za intaneti za mfumo wa nne, ambazo bado hutumika sana, zina tarakimu 32 za mfumo wa mbili, na kwa hiyo haziwezi kuzidi takribani bilioni 4.3, idadi isiyotosha hata kumpa kila mwanadamu aliye hai anwani moja. Mwaka 1994 wahandisi Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha maelezo ya mbinu ya kubadilisha anwani, ambayo kwayo vifaa vingi vya ndani hutoka nje kwa kuvaa anwani moja ya pamoja, ruta ikikumbuka ni nani aliyeomba nini ili jibu lirudi kwa mwenyewe. Waliitoa kama nafuu ya muda mfupi. Mwaka 1996 zikathibitishwa rasmi anwani za faragha, zikiwemo zile zinazoanza na 192.168, na mnamo Februari 2011 mafungu ya mwisho ya anwani za hadhara yaligawiwa masajili ya mabara. Nafuu ya muda mfupi ikageuka kuwa namna ya kawaida ya kuishi, nayo ikaleta hali ambayo wabuni wake hawakuikusudia: kila ruta ya nyumbani humkusanya kila aliye nyuma yake katika uso mmoja.

Sheria imelihangaikia jambo hili. Huko Ujerumani, Tobias McFadden, mwenye duka karibu na mji wa Munich aliyewapa wapitanjia waifai ya bure, alidaiwa na kampuni ya muziki kwa sababu mtu asiyejulikana alikuwa ameutumia mtandao wake kusambaza wimbo bila idhini. Mwaka 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hawezi kulipishwa fidia kwa tendo la mtumiaji huyo, ila anaweza kuamriwa aufunge mtandao kwa nenosiri na kuwataka watumiaji wajitambulishe. Nchini Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 humwadhibu mtenda kosa, lakini uchunguzi huanzia pale alama za mtenda zinapoonekana, na alama hizo huelekeza kwenye mlango wa aliyeandikisha huduma. Mwenye ruta huenda asitiwe hatiani, lakini ndiye atakayebishiwa hodi kwanza.

Hali ya mtu huyu ina jina linalojulikana na kila mwanachama wa SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo: yeye ni mdhamini. Anayetia sahihi fomu ya mkopo ya mwenzake hajakopa, wala haendi sokoni kuona fedha zimenunua nini, lakini amekubali kwamba mkopaji akishindwa, jina lake ndilo litakaloitwa. Mafakihi wa Kiislamu waliiandikia dhamana milango mirefu, wakakubaliana kwamba haifungi ila kwa hiari ya mdhamini mwenyewe, na walio wengi wakakataza kuipokelea malipo, kwa kuwa dhamana ni hisani na hisani haiuzwi. Kanuni hiyo inamulika jambo ambalo huchanganywa mara nyingi katika ploti. Majirani wakichanga fedha kulipia huduma kila mwezi, wanalipia data; jina hawakulilipia, bado wamelipewa bure, na shukrani wanayodaiwa haiishi kwa kutoa mchango. (Mwenye ploti anayeifanya huduma hiyo kuwa biashara ameingia jambo jingine, kwani kuuza intaneti kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na mikataba mingi ya watoa huduma hukataza kuiuza tena.)

Mtume Paulo, katika sura ya sita ya Waraka kwa Wagalatia, anawaagiza waumini wachukuliane mizigo, na mistari mitatu tu baadaye anasema kila mtu atabeba furushi lake mwenyewe. Kurani nayo inasisitiza kwamba hakuna nafsi itakayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine, huku ikiamrisha watu wasaidiane katika wema. Wafasiri wengi huharakisha kuyapatanisha mafundisho hayo, lakini ni afadhali kuyaacha yavutane, kwa sababu mvutano huo ndio hali halisi ya mdhamini. Hatia haihami. Jirani akitapeli watu kwa ujumbe wa uongo, mtapeli ni yeye, na hakuna nadharia ya ujirani inayomfanya mwenye ruta kuwa mtapeli. Kinachohama ni usumbufu, aibu, hofu, siku za kufika kituoni kueleza, na hivyo ndivyo vitu ambavyo mtu anaweza kuvibeba kwa ajili ya mwingine bila kuibeba dhambi yake.

Linabaki suala la macho, ambalo ndilo zito zaidi. Mwenye huduma anaweza kusema, na kwa haki fulani, kwamba akiwa anajibu kwa niaba ya jirani basi lazima amwone. Hapa mpangilio wa ruta huamua mengi kuliko watu wanavyodhani. Katika namna ya pili iliyoelezwa juu, kifaa kilicho nyuma ya ruta ya ndani kinaweza kuvifikia vifaa vya mtandao wa kwanza, kama vile printa au kamera ya usalama, ilhali vifaa vya mtandao wa kwanza haviwezi kuvifikia vile vya ndani, na kwa mwenye ruta ya kwanza wapangaji wote wa ruta ya pili ni kifaa kimoja. Mwenye nyumba aliyedhani amewaweka wageni mbali naye, kumbe amejianika mbele yao na kujipofusha juu yao. Akitaka usalama, yeye ndiye anayepaswa kukaa nyuma ya ruta ya ndani na kuwaacha wageni kwenye ile ya nje, au kutumia mtandao wa wageni ambao ruta nyingi za siku hizi huuwezesha na ambao humpa mgeni njia ya kwenda nje bila kumwingiza sebuleni. Mwanafalsafa wa Kijerumani Kant, katika insha yake ya mwaka 1795 juu ya amani ya kudumu, alitofautisha haki ya mzuru, yaani kutotendewa kama adui anapofika, na haki ya mgeni wa nyumbani, ambayo hupatikana kwa mapatano maalumu ya hisani tu. Mtandao wa wageni ni haki ya mzuru. Ruta iliyovuliwa mamlaka na kuwaweka wote katika mtandao mmoja ni haki ya mgeni wa nyumbani, na si busara kumpa mtu ya pili bila kujua kwamba ndiyo aliyopewa.

Lakini kujilinda ni jambo moja na kuchungulia ni jambo jingine. Anayeshika ruta ya nje, hata kama maudhui yamefichwa kwa usimbaji, mara nyingi anaweza kujua majina ya tovuti zinazotembelewa, na katika ploti anayeshika ruta huenda ndiye anayepokea kodi ya nyumba. Mfanyakazi wa shamba la maua anayetafuta habari za chama cha wafanyakazi, au mama anayesoma juu ya maradhi asiyotaka yajulikane, yuko chini ya mtu ambaye tayari ana uwezo juu yake. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu, na hakisemi kwamba mtu huipoteza kwa kutumia mawimbi ya mwingine. Mwanafalsafa Mfaransa Emmanuel Levinas alikwenda mbali hadi kusema kwamba mtu huwajibika hata kwa wajibu wa mwenzake, na kwamba wajibu huo hutangulia uchaguzi wowote. Kauli hiyo ni ya kutisha ikiangukia mikono ya mwenye mamlaka, kwani anayeamini kuwa ameshikilia dhamiri ya mpangaji wake hatasita kumpekua. Mdhamini wa SACCO hapewi ruhusa ya kupekua mifuko ya mkopaji. Alimjua kabla ya kutia sahihi, na kumjua huko ndiko kulikotosha.

Yupo atakayejibu kwamba dhamana ya namna hii ni ujinga, na kwamba kila mtu asimame kwa jina lake. Jibu ni kwamba katika intaneti ya leo karibu hakuna anayesimama hivyo. Kampuni za simu, na huduma za setilaiti kama Starlink iliyoingia Kenya mwaka 2023, huwaweka wateja wengi wa nyumbani nyuma ya anwani moja ya hadhara kwa mbinu ile ile ya kubadilisha anwani, ikifanywa kwa ukubwa zaidi. Ruta ya kwanza ya mwenye nyumba wa Kamere, ile anayoiona kuwa mlango wake mwenyewe, mara nyingi tayari iko nyuma ya ruta ya kampuni, na matendo yake hutoka nje yakiwa yamevaa anwani anayochangia na watu asiowajua. Akimkatalia jirani kwa hoja kwamba kila mtu ajibu kwa uso wake, anakataa sharti ambalo yeye mwenyewe ameishi kwalo tangu siku alipounganishwa.

Kinachohitajika basi, kabla ya kuongeza nguvu ya mawimbi, ni ridhaa inayosemwa kwa kinywa. Mwenye ruta aseme wazi kwamba jina lililoandikishwa ni lake na kwamba hatachungulia. Jirani naye akiri kwamba anajua anatoka nje kwa jina la mwingine. Ridhaa hiyo ina mwisho wake pia, na jambo hilo husahaulika. Wapangaji wa Kamere huhama mara kwa mara, kwa kuwa kazi nyingi za mashambani hufuata misimu na mikataba mifupi, ilhali nenosiri hubaki katika simu ya aliyeondoka na ruta ya pili hubaki ikiwaka ukutani. Dhamana ya mkopo huisha mkopo unapolipwa. Dhamana ya mtandao haina siku kama hiyo isipokuwa iwekwe, na njia ya kuiweka ni kubadilisha nenosiri mtu anapohama na kulitoa upya kwa mazungumzo. Anayekuja kukaa mlango wa sita baada yake hajaomba jina la mtu wala hajapewa, hata kama simu yake inashika mawimbi vizuri kabisa.